Siku ya tatu mpe jembe: lakini shamba la misimu mingapi?

Katika mikutano ya koperative, kutoka Oicha mpaka Lubero, kuko swali moja ambalo halikosi kurudi. Tumeshamaliza habari ya mbegu, ya bei ya kakao, ya deni la stoo, na kabla ya kufunga memba mmoja anauliza: "Sisi hatukatai watu. Lakini fasi iko wapi?" Hapo mkutano unagawanyika. Wengine wanataka shefu wa lokalite aandike kabisa kwamba kijiji kimejaa. Wengine wanauliza nani kati yetu hajawahi kulala kwa watu.

Swali hili tunaliheshimu. Anayeliuliza si mtu mbaya. Mara nyingi ni yule ambaye nyumba yake tayari inalaza familia tatu. Basi katika toleo hili tunalijibu kama agronomi, yaani tukianzia kwenye udongo, maji na kalenda ya msimu.

Watu wametoka wapi

Butembo na Beni zilipata hadhi ya mji mwaka 2003, na tangu hapo hazijapumzika kukua. Sehemu ya ukuaji huo ni biashara: kahawa, kakao, mbao, bidhaa za Kasindi. Sehemu nyingine ni vita. Tangu Oktoba 2014 mauaji katika teritwari ya Beni yamewasukuma watu wa Eringeti, Mbau, Watalinga na sekta ya Ruwenzori kuelekea mahali penye taa na askari. Mwezi wa Juni 2024 vita vilifika Kanyabayonga na Kirumba, na familia za kusini ya Lubero zikapanda na magodoro yao mpaka Lubero-centre na Butembo. Mwezi wa Januari 2025 Goma ikaingia mikononi mwa M23, na ofisi za jimbo zikahamia Beni kwa muda, pamoja na watumishi wao na jamaa zao.

Hatuko peke yetu. Mwezi wa Oktoba 2023 shirika la kimataifa la uhamiaji, OIM, lilihesabu wahami wapatao milioni 6,9 katika Kongo nzima. Wengi wao hawako ndani ya kambi. Wako kwa shangazi, kwa rafiki wa kanisani, katika chumba cha kupanga, na asubuhi wanatafuta kipande cha kulima.

Kwa hiyo mzigo tunauona. Foleni ya bidoni inaanza kabla ya jua. Masomo ya msingi ya bure yalianza Septemba 2019, watoto wakaongezeka darasani, kisha watoto wa wahami wakaja juu yao. Kuni zinatoka mbali. Kodi ya shamba inapanda kila msimu. Anayesema kwamba hakuna tatizo, huyo hajawahi kukaa na mama anayengoja maji saa tatu.

Mlango unaweza kufungwa?

Tuanze na sheria, juu ya kuwa memba wengi wanafikiri shefu anaweza kukataa tu. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 30, inampa kila mtu aliye katika nchi haki ya kutembea na kuweka makao yake anapotaka, kwa kufuata sheria. Tena inasema Mkongomani hawezi kulazimishwa kukaa nje ya makao yake ya kawaida. Shefu anaweza kuandika majina ya waliofika, anaweza kuuliza karatasi, anaweza kumpeleka mwenye mashaka kwa wakuu wa usalama. Kufunga kijiji hana uwezo huo.

Tuweke sheria pembeni na tuangalie kama kufunga kunafanya kazi. Wazee wetu wanakumbuka wakati wa Wabeleji, ambapo Mwafrika aliyetaka kutoka katika sheferi yake kwa muda mrefu alipaswa kubeba karatasi ya ruhusa. Karatasi ilikuwepo, na miji ilijaa vilevile. Mbali kabisa na sisi, Jakarta, mji mkuu wa Indonesia, ilitangazwa na gavana Ali Sadikin mwaka 1970 kuwa mji uliofungwa; aliyeingia bila kazi na bila nyumba alipaswa kurudi kwao. Watu waliendelea kuingia. Leo Jakarta ni kati ya miji mikubwa sana duniani.

Na hapa kwetu tumepata mafundisho mawili. La kwanza ni la Banyabwisha. Katika miaka ya 2014 mpaka 2016 wakulima Wahutu kutoka Masisi na Rutshuru walipita Butembo na Beni kuelekea Boga na Tchabi, katika teritwari ya Irumu. Uvumi ulitangulia mabasi, na kuko siku ambapo raia walizuia magari barabarani. Hofu ile ilikuwa na sababu zake: watu walikuwa wanauawa Beni na hakuna aliyewaambia ukweli wote. Lakini kuzuia basi hakukuonyesha nani muuaji na nani mkulima mwenye njaa ya shamba. Watu waliendelea kufika Irumu kwa maelfu. Kilichobaki kwetu ni uhasama.

Fundisho la pili ni la Ebola. Ugonjwa ule ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kutoka Mangina, ukaisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3.470 na vifo 2.287. Kwa ajili ya Ebola miji yetu haikufungwa. Kwenye barabara kuliwekwa vituo: unashuka kwenye moto, unanawa mikono, unapimwa joto, unaendelea. Waliohofia vituo walipitia porini, na ugonjwa ukapita nao. Aliyehesabiwa aliweza kufuatwa na kutibiwa. Aliyefichwa alipatikana akiwa maiti. Kanuni ile inafaa hata kwa ardhi: mtu anayepita mlangoni unaweza kumwekea masharti, anayepita dirishani huwezi.

Tena tukumbuke upande mwingine wa hesabu. Milima ya Lubero imejaa watu tangu zamani, na watoto wake wameshuka miaka mingi kwenda Manguredjipa, Biakato, Mambasa na mpaka Tshopo kutafuta msitu wa kulima. Kule sisi ndio wageni. Kule kuko mzee anayeuliza kwa lugha yake: fasi iko wapi? Sheria tunayotaka kuwawekea wengine hapa, tuangalie kama tungekubali kaka yetu awekewe kule.

Kinachoharibu shamba

Sasa tufike kwenye kazi yetu. Malalamiko tunayoyasikia sana ni haya: "Wahami wanachosha udongo." Tukipita mashambani tunaona kweli kwamba vipande vingi wanavyolima vimechoka. Lakini ukiangalia shamba la jirani yao, mwenyeji ambaye naye amekodi, utakuta limechoka vilevile. Wanafanana katika jambo moja: wote wawili wamekodi kwa msimu mmoja.

Tufuate kalenda. Mtu anafika mwezi wa pili, anapata kipande kwa msimu B, analipa kabla ya kulima. Hajui kama mwezi wa tisa atakipata tena. Basi atapanda nini? Maharagi mafupi, yanayokomaa kwa siku 75 mpaka 90. Hatapanda mihogo, maana mihogo inataka mwaka mzima au zaidi. Hatabeba mbolea ya mbuzi, maana mbolea ile inalisha udongo kwa misimu kadhaa na faida itavunwa na mtu mwingine. Hatachimba mfereji wa kukata maji ya mlima. Hatapanda matete wala kaliandra kwenye mstari wa kontua. Atalima kutoka juu kwenda chini, juu ya kuwa ndiyo njia rahisi, na mvua ya Aprili itashusha udongo mtoni. Huyo mtu si mvivu wala mjinga. Amefanya hesabu sawasawa, kwa muda tuliompa.

Tuseme familia moja ya wenyeji ina nusu hekta ambayo haiwezi kuilima yote. Njia ya kwanza: wanaikata vipande vinne vya mita 25 kwa 50, wanakodisha kwa msimu. Pesa inaingia mara moja, na kila msimu wanatafuta wapangaji wapya. Baada ya miaka mitatu udongo wa juu umekwenda, na kodi inashuka yenyewe, maana nani atalipa kulima mawe?

Njia ya pili: wanawapa watu walewale wanne vipande vilevile kwa misimu sita, yaani miaka mitatu, kwa karatasi. Karatasi inasema kila baada ya mita kumi kutakuwa mstari wa matete wenye upana wa mita moja. Mpangaji anapoteza kama sehemu moja ya kumi ya shamba lake, na hiyo inauma katika msimu wa kwanza. Kwa hiyo mwenye shamba anapunguza kodi ya msimu ule. Kuanzia msimu wa tatu matete yanakatwa kulisha mbuzi, mbuzi wanatoa mbolea, mbolea inarudi shambani, na udongo unakusanyika nyuma ya mstari kama hatua za ngazi. Miaka mitatu ikiisha, mwenyeji anarudishiwa shamba bora kuliko alilotoa.

Idadi ya watu ni ileile katika njia zote mbili: familia nne juu ya nusu hekta. Tofauti ni urefu wa muda tu. Ndiyo maana tunasema mpaka wa kuweka ni juu ya namna ya kukodi, kabla ya kufikiri juu ya kichwa cha mtu.

Wazee walikuwa na kanuni

Kuko watakaosema hayo ni mambo ya masomo. Hapana. Desturi ya hapa ilikuwa na muhako. Mgeni aliyetaka kulima alikwenda kwa mwenye mlima, akatoa mbuzi yake, na kila mwaka akaonyesha heshima ile. Muhako ulisema mambo mawili kwa pamoja: ardhi ina mwenyewe, na mgeni ana haki ya kubaki mradi anatimiza. Haukuwa mlango wazi wala mlango uliofungwa. Ulikuwa mapatano, na majirani wote waliyajua.

Siku hizi mbuzi imekuwa dola, mapatano yamekuwa ya msimu mmoja, na mashahidi hawapo. Tena sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliiweka ardhi yote kuwa mali ya taifa, na kifungu chake cha 389 kikasema haki za wakaaji wa desturi zitapangwa kwa amri ya raisi. Miaka ikapita, makumi kwa makumi, bila amri ile kutoka. Katika pengo hilo mkulima mdogo, mwenyeji au mhami, hana karatasi yenye nguvu, na mwenye pesa anapita katikati.

Hilo linatuleta kwa mgeni ambaye mikutano yetu haimtaji sana. Familia ya wahami inakodi mita 25 kwa 50. Mtu wa mji mwenye gari ananunua mlima mzima, anauzungushia ng'ombe au miti ya kuuza, na vijana wa kijiji wanabaki kupalilia kwake kwa siku. Mashamba makubwa ya wakoloni yaliyogawiwa baada ya zairianizasyo ya Novemba 1973 yalikwenda kwa wakubwa na wafanyabiashara; mlima ulipata mwenyewe mpya, na mkulima wa chini hakupata kitu. Kama tunataka kweli kulinda fasi, tuhesabu hekta pamoja na vichwa. Koperative inayomkatia mhami kipande cha maharagi huku ikinyamaza juu ya mlima uliouzwa, imefunga dirisha na kuacha ukuta umeanguka.

Maji: hesabu ambayo kila komite inaweza kufanya

Kuhusu maji pia tunapenda watu wapime kabla ya kugombana. Chukueni bidoni ya litre 20 na saa ya telefone. Wekeni chini ya bomba la chemchem na mhesabu inajaa kwa muda gani.

Tuseme inajaa kwa sekunde 40. Hiyo ni bidoni 90 kwa saa. Kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni ni bidoni 1.080, yaani litre 21.600. Kipimo cha chini kinachotumiwa na mashirika ya msaada wakati wa dharura ni litre 15 kwa mtu kwa siku. Gawanyeni: chemchem ile inatosha watu 1.440. Familia za watu sita, ni familia 240.

Sasa mnajua mpaka wenu, na ni mpaka wa kweli, haukutoka kwenye hasira ya mtu. Kama mko familia 200, hakuna sababu ya kumfukuza yeyote. Pangeni foleni tu. Kama mko 340, familia mia moja hazina maji ya kutosha, na hata mkizuia wapya tatizo halitaondoka.

Lakini angalieni tena: usiku chemchem hailali. Kutoka jioni mpaka asubuhi litre nyingine 21.600 zinamwagika bondeni. Mkijenga tanki ya metre kibu kumi ya kuyashika maji ya usiku, mnaongeza litre 10.000 kila asubuhi, maji ya watu zaidi ya 660. Ni kama familia 110. Zile mia moja zimepata maji, na kumi zinabaki juu. Simenti inaweza kuombwa kwa shirika. Mawe, mchanga na salongo vinatoka kwa wote wanaochota, mwenyeji na mhami sawasawa. Anayechota bila kufika kwenye salongo, huyo ndiye wa kuwekewa mpaka, awe amezaliwa hapa au amefika jana.

Juu ya chemchem tuwe wakali. Hakuna kulima, hakuna kukata miti, hakuna choo upande wa juu wa bomba. Hapo hakuna cha "maskini, hana pengine". Mtafutieni pengine, kabla hamjakunywa wote uchafu mmoja.

Jirani yetu Uganda

Wengi wetu tuna jamaa waliovuka Kasindi na Mpondwe. Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na chini ya sheria yake ya wakimbizi ya 2006 wanaruhusiwa kutembea na kufanya kazi. Katika makazi kama Kyangwali, Nakivale na Rwamwanja familia zimekuwa zikipewa kipande cha ardhi cha kulima. Ni cha kutumia, si cha kuuza.

Jambo moja la Uganda tunalipenda: msaada unaokuja kwa ajili ya wakimbizi, asilimia 30 inatakiwa kufaidia wenyeji wa eneo lile. Shule inayojengwa ni ya watoto wote, kisima ni cha wote. Hapa kwetu mara nyingi mhami anapewa karatasi ya chakula, na mama aliyempokea, aliyekula akiba yake yote naye, anaangalia tu. Wivu unaanzia hapo. Na chakula cha msaada kikishushwa kwa malori wakati wa mavuno, bei ya maharagi ya memba wetu inaanguka. Wakipewa pesa au kuponi wakanunue sokoni, memba wetu anauza. Koperative ina haki ya kuuliza hilo kila shirika linapokuja, na sisi tukiwamo.

Uganda pia inaonyesha upande mgumu. Watu walipozidi, vipande vya ardhi katika makazi vikapunguzwa, na kuko waliobaki na kipande kisichowatosha chakula. Ukarimu usiopimwa unaisha vibaya. Hilo tunawaambia wale wanaofikiri tunasema kila mtu akaribishwe na Mungu atajua mengine.

Koperative ifanye nini

Sheria ya OHADA juu ya koperative ilipitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, na Kongo iliingia OHADA mwaka 2012. Inasema kuingia koperative ni kwa hiari na mlango uko wazi. Ubaguzi wa kabila, dini, siasa, au mume na mke umekatazwa. Lakini inataka pia memba wawe na kifungo kinachowaunganisha, na inaruhusu koperative kufanya kazi na watumiaji ambao bado si memba, kwa kipimo kinachowekwa katika sheria zake za ndani. Kwa hiyo tuna chombo tayari mkononi. Tunapendekeza mambo haya yaletwe mbele ya mkutano mkuu kabla ya msimu unaokuja:

1. Daftari. Kila mlima uandike waliofika, walikotoka, wanachojua kulima, na kipande wanacholima. Nakala moja kwa shefu wa lokalite. Daftari linasaidia usalama, na linasaidia mbegu zitoshe.

2. Mkataba wa misimu sita. Karatasi moja ya kurasa mbili, kwa Kiswahili, yenye mashahidi watatu: jirani, mtu wa koperative, na shefu. Iandikwe mipaka kwa hatua au kwa mita, kodi ya kila msimu, mistari ya kontua, na miti gani inaruhusiwa. Hapa tuwe wazi: desturi inaona mwenye kupanda kahawa au kakao kama mwenye kudai ardhi. Basi mpangaji apande matete, kaliandra na tefrosia. Kahawa na kakao mpaka mapatano mengine. Hofu ya mwenyeji itapungua, naye atakubali muda mrefu.

3. Mtumiaji kwanza, memba baadaye. Mgeni auzie stoo kama mtumiaji kwa misimu miwili. Akitimiza ubora na salongo, aruhusiwe kununua hisa kama mwingine. Mwenye asili ya Watalinga anayejua kuchachua kakao, au mama wa Lubero anayejua kuchagua mbegu ya viazi, ni hasara kumwacha nje.

4. Mahali pa kukataa. Miteremko mikali isiyo na mistari, kando ya mito, juu ya chemchem, na ndani ya mipaka ya Parke ya Virunga, hakuna kukodisha kwa mtu yeyote. Mpaka huu umfunge mwenyeji kwanza. Kama mtoto wa mwami anakata miti juu ya chemchem, hatuna mdomo wa kumwambia mhami.

5. Kuuza ardhi. Wakati wa vita bei zinachezewa na familia zinauza kwa njaa. Mkutano unaweza kukubaliana kwamba memba hauzi ardhi ya familia bila mke, watoto wakubwa na koperative kujua, na kwamba kukodisha kunatangulia kuuza.

6. Kifungu cha kurudi. Mkataba useme mhami akipata amani kwao, anavuna kilicho shambani ndipo anaondoka. Na sisi tulioko Beni tuandikiane na koperative za kule walikotoka, ili shamba la kakao aliloacha lisigawiwe na wengine. Tukilinda shamba lake kule, atakuwa na sababu ya kurudi. Tukiacha liibiwe, atakaa hapa siku zote, na hatutakuwa na haki ya kulalamika.

Neno la mwisho kwa wenye kusitasita

Tunajua hofu kubwa zaidi: kwamba misimu sita itakuwa kumi na miwili, na mtoto aliyezaliwa juu ya shamba lako atasema ni lake. Hofu hiyo haiondolewi na maneno matamu. Inaondolewa na karatasi yenye tarehe ya mwisho na mashahidi walio hai. Leo, bila karatasi, mpangaji wa msimu mmoja aliyekaa misimu mitano mfululizo ana nafasi nzuri zaidi ya kudai kuliko aliyesaini misimu sita. Hilo waulizeni waliowahi kufika tribinali kwa ajili ya mlima.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walijua kwamba mgeni asiyelima ni mzigo, na anayelima ni mkono wa ziada. Hawakusema umpe jembe halafu umnyang'anye shamba kila Juni. Atakayerithi udongo ule baada yake ni sisi.

Msimu ujao unakaribia, na wenye mashamba tayari wanapanga bei. Koperative inayotaka mfano wa mkataba au msaada wa kupima chemchem imwambie agronomi wa eneo lake. Tutafika na kamba, ekera ya A na bidoni moja.